Ini langu limekutwa na mafuta, na shemeji yangu asiyekunywa naye hivyo hivyo. Wana Dodoma tuongee

#1 Msafiri wa Ihumwa

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi uliopita kazini kwetu walikuja watu wa kupima afya. Sikuwa naumwa popote, nilipanga foleni kwa sababu wenzangu walipanga. Presha nzuri, sukari imepanda kidogo, ila kwenye damu vimeng'enya vya ini vilikuwa juu, nikaambiwa niende nikapigwe ultrasaundi ya tumbo. Daktari akaweka kile kifaa chini ya mbavu za kulia, akatulia, akakirudisha palepale mara ya pili. Akaniuliza, "Baba, unakunywa?" Nikajibu wikiendi tu. Akaniuliza wikiendi yangu ina siku ngapi.

Nikahesabu kwa ukweli. Ijumaa nikitoka Mtumba, bia tano au sita. Jumamosi vilevile, hasa nikipitia mnada wa Msalato. Jumapili tatu za kuangalia mpira. Na kila palipokuwa na bia palikuwa na kilo ya nyama choma au kitimoto na ndizi za kukaanga. Asubuhi supu, na moja ya kuzimua. Bia kumi na tano kwa wiki, na bado najiita mnywaji wa wikiendi.

Majibu: mafuta kwenye ini, daraja la pili. Nina miaka 43 na kilo 94.

Lakini hilo silo lililonifanya nifungue uzi. Nilipofika nyumbani nikamsimulia shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tunaishi naye. Anaendesha bajaji, ana miaka 31, pombe hajawahi kuionja tangu azaliwe. Akanipa pole, akaniambia kaka, acha pombe. Mke wangu akasema na wewe nenda kapime, maana kitambi chenu ni pacha. Akaenda. Naye ini lina mafuta.

Shemeji huyu kutwa yuko juani, na jua la Dodoma mnalijua, kwa hiyo kila kituo ni soda ya baridi. Tatu kwa siku, siku nyingine nne. Usiku anafunga kazi na chipsi mayai. Maji anasema hayamkati kiu.

Daktari alinieleza kitu kimoja ambacho sijaweza kukisahau. Sehemu kubwa ya chakula ikishatoka kwenye utumbo, kabla haijaenda popote mwilini, damu inaipitisha kwanza kwenye ini. Ndilo mlango. Pombe ikifika, ini linaweka kando kazi nyingine nyingi na kushughulika nayo, kwa sababu ni sumu na mwili hauna pa kuihifadhi. Mafuta ya ile nyama yanawekwa pembeni, yanasubiri. Wikiendi baada ya wikiendi yanasubiri humo humo ndani ya ini. Na sukari ya soda, nusu yake hivi ni aina ambayo misuli haiitumii sana, kazi kubwa inaangukia ini, na ini likizidiwa linaigeuza mafuta. Kwa hiyo mimi na shemeji tumepita njia tofauti, tumekutana sehemu moja.

Naomba wenye uzoefu na wenye taaluma waje. Watu wazima tunaohamia hapa na kunenepa pamoja ni wengi, na sijasikia tukiliongelea hili.

#2 Kreti Moja

Mkuu pole. Ila tusitishane. Babu yangu mzaa mama, Mvumi, alikunywa ujimbi, pombe yetu ya kienyeji, tangu kijana na alifariki na miaka zaidi ya 90, macho meupe kabisa. Kila mtu na mwili wake.

#3 Tabibu Kijijini

Kreti Moja, usemalo kuhusu babu nalikubali na nitakueleza kwa nini halikusaidii wewe.

Katika watu wanaokunywa sana kwa miaka mingi, karibu wote, tisa kati ya kumi, ini linaweka mafuta. Wanaofikia ini kusinyaa na kujaa makovu ni mmoja au wawili kati ya kumi. Babu yako yuko kwenye wale wanane au tisa. Hakuna kipimo cha kukuambia leo wewe utakuwa kundi gani. Halafu pombe ya babu ilikuwa ya mtama, nzito kama uji, mara nyingi haifiki ukali wa bia ya kiwandani, na ilipikwa kukiwa na jambo: mavuno, ngoma, kulimiana mashamba. Babu alitembea kwa miguu hadi mjini na kurudi, akala uwele na mlenda. Chukua pombe hiyohiyo, muweke mtu kwenye kiti ofisini na kilo mia, hadithi ni nyingine. Unene na pombe vinapokutana kwenye ini moja vinazidishana madhara.

Sasa hesabu, maana watu tunahesabu chupa badala ya kilichomo. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina pombe halisi karibu gramu 20. Mleta uzi kwa bia kumi na tano anaingiza gramu 300 kwa wiki. Waingereza, ambao nao ni wanywaji, wanashauriana wasizidi kama gramu 112 kwa wiki, tena zigawanywe siku kadhaa. Shirika la Afya Duniani mwezi Januari 2023 lilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Ile chupa ndogo ya kinywaji kikali, mililita 200 kwa asilimia 35, ni gramu 55. Vijana wanaimaliza wamesimama.

Na ini lina mwendo wake, halikimbizwi na supu wala maji baridi. Kwa mtu wa kawaida linaondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Bia tano ulizoanza saa moja jioni, saa kumi na moja alfajiri ini bado halijalala. Katika kuivunja hiyo pombe linapita kwanza kwenye kemikali iitwayo asetaldehaidi, ambayo ni kali kuliko pombe yenyewe. Hiyo ndiyo inayounguza chembe za ini.

Msafiri, habari njema ni kwamba uko hatua ambayo inarudi nyuma. Mafuta yanayotokana na pombe yanaweza kupungua sana ndani ya wiki chache tu za kuacha kabisa. Baada ya mafuta huja uvimbe wa ini, baada ya hapo makovu, na makovu yakishalifunga ini lote hayarudi kirahisi. Ubaya ini haliumi. Ndani yake halina mishipa ya kusikia maumivu, kwa hiyo mtu anakuja kwangu macho ya njano, tumbo limejaa maji, miguu imevimba, au anatapika damu, na ananiambia tatizo limeanza juzi. Limeanza miaka kumi iliyopita.

#4 Zabibu Kavu

Mimi nalima zabibu Mpunguzi, ekari moja na nusu, mavuno mawili kwa mwaka. Nyumbani sinunui bia, nakunywa wine yetu. Naambiwa ni matunda, inasafisha damu. Tabibu unasemaje?

#5 Tabibu Kijijini

Mzee wangu, glasi ya mililita 200 ya wine yenye asilimia 12 ni gramu 19 za pombe. Ni bia moja hiyo. Ini haliulizi pombe imetoka kwenye zabibu au shayiri. Zabibu zenyewe kula, ni tunda.

#6 Mwana Chemba

Nimesoma uzi huu mara mbili kabla ya kuandika. Wote mnaongelea pombe na soda. Naomba niwaletee kitu cha tatu, kwa sababu kwetu kiliua watu na wengi wao hawakuwa wanywaji, walikuwamo watoto.

Mwaka 2016, kuanzia mwezi wa sita hivi, kulitokea ugonjwa huku Chemba na Kondoa, na upande wa Kiteto, Manyara. Nyumba moja wanaugua watatu wanne kwa pamoja. Wanatapika, wanaharisha, tumbo linavimba, macho yanakuwa ya njano kama binzari. Jirani wa ukuta mmoja mzima kabisa. Unaweza kufikiria maneno yaliyosemwa vijijini: kuna mkono wa mtu. Wataalamu wakaja, wakachukua damu, wakachukua na mahindi yaliyokuwa ndani ya nyumba. Ilikuwa sumukuvu. Walioandikwa kuugua ni karibu 70 na waliofariki ni karibu 20. Wengi walikuwa wanakula mahindi waliyolima wenyewe, si ya dukani.

Sumukuvu inatoka kwa kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga. Mahindi yakipigwa na ukame shambani yanakuwa dhaifu, kuvu wanaingia. Ukivuna na kuyamwaga chini kwenye udongo wanaongezeka. Ukiyaweka stoo na unyevu, ndiyo umewafugia. Ukanda wetu una ukame na mahindi tumeyang'ang'ania, japo wazee walikula uwele na mtama, nafaka ambazo hazishambuliwi kirahisi kama mahindi na karanga. Kinachoniuma ni kwamba moto wa jiko hauiondoi. Ugali unaiva, kuvu wanakufa, sumu inabaki. Huisikii harufu wala ladha kila mara.

Ile ya 2016 ilikuwa sumu nyingi kwa mkupuo, ikaua kwa wiki. Iliyo mbaya zaidi kwa wengi wetu ni ile kidogokidogo ya kila siku, mwaka hadi mwaka, ambayo mwisho wake ni saratani ya ini.

Na hapa narudi kwenye pombe. Mahindi yakiharibika, hakuna anayeyatupa. Mama anachambua, mazuri yanakwenda mashineni, yale yenye rangi ya kijani na meusi anapewa kuku au anauziwa mpika komoni, pombe ya kienyeji. Nimeliona hilo tangu mtoto, na nyumbani kwetu tumelifanya. Kuchacha kwa pombe hakumalizi sumukuvu. Kwa hiyo mtu anayekunywa komoni kwa bei nafuu anaweza kuwa anakunywa pombe na sumukuvu kwenye kikombe kimoja. Yule ndiye maskini kuliko wote, na ndiye hatapimwa.

#7 Msafiri wa Ihumwa

Mwana Chemba, umenifanya niinuke kitandani. Tunanunua gunia la mahindi Kibaigwa, linakaa stoo miezi mitano, chini ni sakafu tupu. Nimelifungua usiku huu. Kwa juu ni mazuri, ila pale lilipogusana na ukuta kuna punje zimeganda pamoja, zina vumbi la kijani. Watoto wangu wamekula humo.

Nifanye nini?

#8 Mwana Chemba

Hizo zilizoganda usimpe kuku, usimpe mtu. Zifukie. Zilizobaki mwaga kwenye turubai, chambua kwa mkono, ondoa zilizopasuka, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, kisha yakoboe, usisage dona. Sehemu kubwa ya sumu iko kwenye ganda na kiini. Haiondoki yote ila inapungua sana.

Msimu ujao anika juu ya turubai, kamwe si chini. Kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, weka konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa dakika moja mbili. Chumvi ikiganda kwenye kioo, yarudishe juani. Isipoganda, tia kwenye mifuko ya tabaka tatu, ile yenye nailoni mbili ndani. Funga kila tabaka kwa kamba yake, uweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Hewa ikiisha ndani, kuvu hawaongezeki, na dumuzi wanakufa bila dawa.

#9 Tabibu Kijijini

Nashukuru sana, Mwana Chemba. Niongeze moja tu: homa ya ini B. Mwenye kirusi hicho akila sumukuvu, hatari ya saratani ya ini haijumlishwi, inazidishana mara nyingi. Watoto wanachanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na chanjo hiyo iliingia kwenye ratiba ya watoto nchini mwaka 2002. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni. Nenda upime. Ukiwa huna kirusi, chanja dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Ukiwa nacho, pombe kwako iishe leo, na uhudhurie kliniki.

#10 Majani Tiba

Kwa wenye ini chafu, ninayo dawa ya mchanganyiko wa majani na mizizi, inasafisha ini siku 21, haina kemikali. Njoo inbox.

#11 Tabibu Kijijini

Ndugu, nakuomba usiwauzie watu hawa. Ini halijai uchafu wa kusafishwa, lenyewe ndilo linalosafisha, na kila mzizi unaoingia mdomoni unapita humo humo kwenye ini ambalo tayari linaumwa. Nimepokea wagonjwa ambao ini lilifeli baada ya mchanganyiko wasioujua. Tafadhali.

Vivyo hivyo wale wanaomeza panado nyingi asubuhi ya hangova. Mtu mzima mwenye afya asizidi vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24, na mnywaji wa kila siku au mtu asiyekula vizuri anapaswa kumeza pungufu ya hapo.

#12 Mama Nkuhungu

Samahani kaka zangu kuingilia. Mume wangu anakunywa kila siku, sasa anaanza asubuhi. Asipokunywa mikono inatetemeka hadi kikombe kinamwagika. Macho naona yana rangi. Nimeambiwa kuna dawa naweza kumtilia kwenye chakula bila yeye kujua akaichukia pombe. Mwingine ananishauri nimfungie ndani wiki nzima. Mwenzenu nimechoka, nisaidieni.

#13 Tabibu Kijijini

Dada yangu, pole sana. Vyote viwili usifanye, nakusihi.

Dawa ya kumtilia mtu kisirisiri, akinywa pombe juu yake, inaweza kumshusha presha akaanguka na asiamke. Kumfungia nako ni hatari. Kutetemeka asubuhi maana yake mwili wake umeshazoea pombe. Akikatishwa ghafla bila uangalizi, ndani ya siku mbili tatu anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa, na watu hufa kwa hilo. Anatakiwa aache, lakini aachie mikononi mwa wahudumu, apewe dawa za kutuliza na vitamini B1.

Mko jirani na Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Najua jina hilo mtaani tunalitumia kutukanana, lakini uraibu wa pombe ni ugonjwa na wale ndio wenye kazi hiyo. Anza hata kituo cha afya cha hapo kwenu, waombe rufaa. Kwa rangi ya macho, mpeleke wiki hii. Ukiona anatapika damu, kinyesi cheusi kama lami, au anaongea maneno yasiyoeleweka, usisubiri asubuhi.

#14 Mama Nkuhungu

Nimekusoma kaka. Kaka yake mkubwa anakuja Jumatatu, huyo anamsikiliza. Tutaenda naye.

#15 Kreti Moja

Dada, mkihitaji usafiri niandikie. Nipo Chang'ombe na gari lipo.

Tabibu, nami swali. Nikiacha kabisa, kuna chakula cha kulitibu ini?

#16 Tabibu Kijijini

Chakula kimoja cha kutibu hakipo. Kinachotibu ini lenye mafuta ni kupungua uzito, taratibu. Mtu akipunguza asilimia 5 ya uzito wake mafuta yanaanza kuondoka, akifika 7 hadi 10 na uvimbe wa ini unatulia. Kwa mwenye kilo 90 ni kilo sita hadi tisa. Soda, juisi za boksi na chai ya sukari vijiko vinne ndivyo vya kwanza kuondoka. Soda moja ya chupa, mililita 350, ina sukari zaidi ya gramu 35, vijiko vya chai karibu tisa. Ugali upungue, mboga iongezeke. Hapa Dodoma tuna bahati, mlenda hauna gharama, maharage yapo, kunde zipo, ubuyu upo. Nyama si adui, ila kilo moja kwa watu wawili kila Jumamosi ni nyingi. Kahawa ya wazee isiyo na sukari endelea nayo, tafiti nyingi zinaihusisha na makovu machache ya ini. Na tembea, hata uzito usiposhuka haraka, misuli ikifanya kazi mafuta ya ini yanapungua.

#17 Msafiri wa Ihumwa

Wakuu, imepita miezi mitatu, niliahidi nitarudi.

Kilo 94 zimekuwa 87. Pombe niliacha siku ile niliyofungua uzi. Ijumaa ya kwanza hadi ya nne zilikuwa ngumu, si kwa kiu, kwa upweke, maana marafiki zangu wote tulikuwa tunakutana palepale. Sasa jioni natembea kutoka kazini hadi kituo cha tatu ndipo napanda gari. Vimeng'enya vya ini vimerudi kawaida. Ultrasaundi imeonyesha mafuta bado yapo, daraja la kwanza. Homa ya ini B sina, nimechanja dozi mbili.

Shemeji kazi yake imekuwa ngumu kuliko yangu, kwa sababu bia mtu anaifuata baa, soda iko kila kona na kila anayemkaribisha anamfungulia moja. Amenunua chupa kubwa ya maji anaifunga kwenye bajaji kwa kamba. Amepungua kilo nne. Wiki iliyopita alienda msibani Bahi, wakampa soda, akaomba maji, mama mmoja akaona amedharauliwa. Akamweleza habari ya ini mbele ya watu. Wawili wakamuomba namba ya hospitali aliyopimwa.

Mama Nkuhungu aliniandikia pembeni na ameniruhusu niseme: mume wake alilazwa, ametoka, wiki ya saba hajanywa. Ini limeshapata makovu, anaendelea na kliniki.

Mwana Chemba, mifuko ya tabaka tatu nimeipata soko la Majengo. Mahindi nimeshaweka. Mama mkwe ametuletea karanga debe mbili kutoka Mpwapwa. Niziweke humo humo na mahindi?

#18 Mwana Chemba

Hapana, karanga ziwe na mfuko wake. Na zihifadhi na maganda yake, mkuu, bangua za kutumia wiki hiyo tu. Kabla ya kufunga zianike tena siku mbili, ukitikisa ganda usikie punje zinagonga. Ile iliyosinyaa au yenye weusi usiitie hata kwenye mboga.